Kwa Nini Kipepeo wa Vuli Hafanani na wa Kipupwe

Maembe ya Desemba huanguka usiku katika nyua za Kiwalani, Dar es Salaam, na kufikia mchana yameshaanza kuchacha. Nzi ndio wa kwanza kufika. Jioni, jua likishatua upande wa Pugu, hufika mlaji mwingine: kipepeo wa kahawia, mkubwa kiasi, anayeruka chinichini kwa kushtukashtuka, kisha akatua juu ya embe lililopasuka na kuyafunga mabawa yake. Mmulike kwa tochi ya simu. Kwenye upande wa nje wa mabawa yaliyofungwa utaona viduara vyenye kitone cheupe katikati, mithili ya macho. Mtafute tena Agosti, kwenye majani makavu yaliyorundikana kando ya ukuta, na huenda ukamkanyaga kabla hujamwona. Viduara vimefifia au vimetoweka kabisa, rangi imekuwa ya jani lililokufa, na ncha ya bawa imechongoka zaidi.

Jina lake la kisayansi ni Melanitis leda, na makazi yake yanaenea Afrika, Asia hadi Australia. Yule wa Desemba na yule wa Agosti ni aina moja. Wanaweza kuzaana, na viwavi wao hula majani yaleyale ya jamii ya nyasi. Kilichowatofautisha ni hali ya hewa iliyowakuta walipokuwa viwavi.

Kuna dhana mbili zilizozoeleka ambazo ni vizuri kuziondoa mapema. Ya kwanza ni kwamba kipepeo mdogo ni mtoto wa kipepeo mkubwa. Sivyo. Kipepeo akishatoka kwenye pupa, yaani kile kifuko ambamo kiwavi hujigeuza, haongezeki tena hata milimita moja. Kukua kote kulifanyika akiwa kiwavi, na kipimo cha mabawa yake ni kumbukumbu ya namna alivyokula na kukua wakati huo. Ya pili ni kwamba kipepeo hubadili rangi yake kadiri mazingira yanavyobadilika. Hilo nalo halipo. Bawa limefunikwa kwa magamba madogo mno, yale yanayobaki vidoleni mtu akimshika, na rangi ya kila gamba hukamilika kabla mwenyewe hajaruka kwa mara ya kwanza. Rangi inaweza kuchakaa, lakini haipakwi upya. Kwa hiyo anayetaka kujua kwa nini kipepeo wa Agosti ana sura ile asiulize hewa ya Agosti, aulize ya wiki zilizotangulia.

Tofauti hizi za msimu ziliwapoteza hata mabingwa. Mashariki na kusini mwa Afrika yupo kipepeo aitwaye Precis octavia, ambaye Tanzania anapatikana zaidi bara na sehemu za miinuko. Wa msimu wa mvua ana rangi nyekundu inayoelekea chungwa. Wa msimu wa ukavu ni wa buluu iliyokoza, mwenye safu ya madoa mekundu karibu na ukingo wa bawa. Ukiwaweka pamoja huwezi kuwadhania hata undugu, na wakusanyaji wa karne ya 19 waliwapa majina tofauti kama aina mbili mbalimbali. Mwaka 1898 Guy Marshall, Mwingereza aliyekuwa akiishi karibu na mji wa Salisbury, ambao leo ni Harare, alitangaza kwamba alilea mayai ya yule mwekundu na akapata wa buluu. Majina mawili yalikuwa ya kiumbe mmoja.

Kujua kwamba jambo linatokea ni tofauti na kujua linatokeaje. Kwa hilo dunia ilisubiri karibu miaka mia moja, na jibu likatoka kwa kipepeo mdogo wa kahawia asiyevutia macho ya wakusanyaji, Bicyclus anynana, ambaye yupo mashariki mwa Afrika, Tanzania ikiwemo. Mwaka 1988 mwanabiolojia Paul Brakefield alianzisha ufugaji wake katika Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, kwa majike wapatao 80 waliokamatwa Nkhata Bay, upande wa Malawi wa Ziwa Nyasa. Uzao wa majike hao umelelewa katika maabara za nchi kadhaa tangu hapo. Viwavi hupewa miche ya mahindi, na vipepeo wakubwa hupewa ndizi zilizoiva.

Majaribio ya msingi juu ya kipepeo huyu hayahitaji digrii kuyaelewa. Mayai ya mama mmoja hugawanywa mafungu mawili. Fungu moja hulelewa kwenye joto la nyuzi 27 za Selsiasi, jingine kwenye nyuzi 17 hivi. Chakula ni kilekile. Waliolelewa kwenye joto hutoka na macho ya bandia makubwa, yenye duara la manjano na kitone cheupe. Waliolelewa kwenye baridi hutoka wakiwa na rangi ya jani kavu, macho yamebaki alama tu. Waliolelewa kwenye joto la katikati hutoka na sura ya katikati. Ndugu wa tumbo moja, urithi uleule, sura tofauti. Ni sawa na fundi cherehani mwenye mitindo miwili kwenye droo yake: kitambaa ni kilekile na mkono ni uleule, ila oda ndiyo huamua akate mtindo upi.

Oda hiyo hupelekwa na homoni iitwayo ekdisoni, ileile inayomwezesha kiwavi kujivua ngozi na kujigeuza kuwa pupa. Joto hubadili wakati na kiasi cha homoni hii katika siku za mwisho za kiwavi na za mwanzo za pupa. Seli zilizo mahali ambapo jicho la bandia litachorwa zina vipokezi vya homoni hiyo. Ikifika mapema na kwa wingi, seli hupokea amri ya kuchora jicho kubwa. Ikichelewa, jicho hudumaa. Watafiti walipowadunga ekdisoni wadudu waliokuwa wakilelewa kwenye baridi, walipata macho makubwa kuliko ilivyotarajiwa kwa baridi ile. Mwaka 1994 ilibainika pia kwamba jeni inayofanya kazi katika vitovu vya macho ya bandia ya vipepeo, iitwayo Distal-less, ndiyo ileile inayotumika kutengeneza miguu ya wadudu. Mwili haukubuni kifaa kipya kwa ajili ya pambo. Ulichukua cha zamani ukakipa kazi ya pili.

Sasa faida yake ni nini? Wakati wa mvua nyasi ni za kijani, na kipepeo wa kahawia hana pa kujificha, tena yuko mbioni kutafuta mwenzi na mahali pa kutaga. Ataonekana tu. Kinachomfaa ni adui apige mahali pasipoua, na macho yale yako ukingoni mwa bawa, mbali na kichwa na tumbo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 na Kathleen Prudic, Antónia Monteiro na wenzao uliwaweka vipepeo hawa pamoja na vunjajungu. Vunjajungu waliwagundua upesi wale wenye macho makubwa, lakini walirusha pigo kwenye macho ya bandia, na kipepeo akaponyoka na bawa lililochanika. Kipepeo mwenye bawa lililochanika bado anaruka, anajamiiana na kutaga. Wale wa rangi ya jani kavu walichelewa kugunduliwa, ila jicho dogo lisingewasaidia sana pigo likishafika. Katika ukavu, majani yakiwa ya kahawia kila upande, kutoonekana ndiko kunakolipa.

Mavazi hayo mawili huja na maisha mawili. Wa msimu wa mvua huishi kwa haraka: hujamiiana, hutaga na kufa baada ya wiki chache, kwa kuwa chakula cha watoto wake kipo. Wa msimu wa ukavu huahirisha uzazi na kuishi miezi, akisubiri nyasi zichipue, kwa sababu yai linalotagwa juu ya unyasi uliokauka ni hasara tupu. Hata mambo ya uchumba hubadilika. Mwaka 2011 Prudic na wenzake walionyesha katika jarida la Science kwamba kwa vipepeo waliolelewa kwenye joto, dume ndiye anayebembeleza na jike ndiye anayechagua. Kwa waliolelewa kwenye baridi mambo hugeuka: jike hufuata, dume huchagua. Sababu ni kwamba dume wa ukavu humpa jike, pamoja na mbegu zake, virutubisho vinavyomwongezea siku za kuishi, na kutoa zawadi hiyo humgharimu dume sehemu ya maisha yake. Mwenye kutoa kikubwa ndiye mwenye kuchagua.

Kuhusu ukubwa, vipo vitu viwili vinavyovutana. Wadudu wengi wakikulia kwenye ubaridi hukua polepole, hula kwa siku nyingi zaidi, na hutoka wakubwa. Ndiyo maana Bicyclus wa msimu wa ukavu kwa kawaida humzidi ukubwa yule wa mvua. Lakini kiwavi akikosa majani mabichi hutoka mdogo, haidhuru kuna baridi kiasi gani. Miongoni mwa vipepeo wadogo weupe na wa manjano wanaoonekana sana kando ya njia na reli, zipo aina ambazo wale wa ukavu ni wadogo na wenye rangi hafifu kuliko wenzao wa mvua. Anayepima mabawa bila kuuliza kiwavi alikula nini atapata jibu nusu.

Tuyarudishe haya kwenye kalenda ya Dar es Salaam. Joto linalopanda Oktoba hutangulia kilele cha vuli. Joto la kaskazi la Januari na Februari hutangulia masika. Masika yakielekea kwisha mwezi Mei, nyasi zikiwa bado zimestawi, hewa huanza kupoa na kusi kushika nafasi, na nyuma yake huja kipupwe kikavu. Kwa hiyo kiwavi anayekula majani mabichi mwishoni mwa Mei haoni dalili ya ukame machoni pake. Anachohisi ni kupungua kwa joto. Akiifuata dalili hiyo atatoka Juni akiwa tayari kwa ukavu ambao hajawahi kuuona. Hapa ndipo penye uzito wa ugunduzi wote huu: rangi ya bawa haitoi taarifa ya hali ya hewa iliyopo. Inatabiri ile inayokuja.

Lakini tusitarajie kwamba kila kipepeo wa Kiwalani atakuwa upande mmoja au mwingine kama wale wa maabara. Wastani wa joto la Julai hapa unakaribia nyuzi 24, na hata usiku wa kipupwe hauna baridi kali. Sura za katikati ni jambo la kawaida, hasa misimu inapopishana.

Ipo pia njia ya pili ambayo msimu huweza kubadili rangi za vipepeo wa mtaani, na uchunguzi wake muhimu ulifanyika katika jiji hili hili. Miaka ya 1970 David Smith, akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alimfuatilia Danaus chrysippus, kipepeo wa rangi ya chungwa ambaye viwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe na kuhifadhi sumu yake mwilini, hata ndege akimla hutapika. Hapa Dar wapo wenye ncha nyeusi ya bawa iliyovukwa na ukanda mweupe, na wapo wasiokuwa nayo. Tofauti hiyo si kazi ya joto, inarithiwa kutoka kwa wazazi. Hata hivyo Smith aliona kwamba uwiano wa makundi hayo hupanda na kushuka mwaka unavyozunguka, na yeye na wenzake walihusisha mabadiliko hayo na vipepeo wanaohama kwa kufuata mvua za Afrika Mashariki. Basi mtu akiona rangi fulani imezidi mwezi fulani, kuna maswali mawili tofauti ya kuuliza. Je, vipepeo walewale wamelelewa na hewa tofauti? Au wametujia wengine? Kipepeo wa kahawia wa kwenye maembe ni mfano wa swali la kwanza, na huyu wa chungwa ni mfano wa la pili.

Mtu anaweza kusema kwamba haya ni ya wenye nafasi, na kwamba mkazi wa Kiwalani ana bei ya unga ya kufikiria. Bei ya unga ndiyo hasa inayoyaleta haya nyumbani, kwa sababu viwavijeshi hufuata kanuni hiyohiyo. Kiwavijeshi wa Afrika, Spodoptera exempta, akikua peke yake huwa wa kijani au kahawia, mpole, na hujificha chini kwenye nyasi. Akikua katika msongamano hugeuka mweusi, huwa mwepesi wa kutembea, na husonga mbele pamoja na wenzake kwa maelfu wakimaliza mahindi, mtama na malisho. Urithi ni uleule. Oda pekee ndiyo imebadilika, safari hii ikitoka kwenye kugusana badala ya joto. Weusi wana hata kinga kubwa zaidi dhidi ya virusi vinavyowaua viwavi hawa, virusi ambavyo watafiti wa Tanzania na Uingereza wamevijaribu mashambani kama mbadala wa sumu za viwandani. Nzige wa jangwani, waliovamia Afrika Mashariki mwaka 2020, nao ni hivyohivyo: mpweke na wa kundi hutofautiana rangi na tabia, kiasi kwamba hadi mwaka 1921, Boris Uvarov alipotoa nadharia yake, wataalamu walikuwa na mazoea ya kuwatenganisha nzige wa makundi na wale wapweke kana kwamba ni aina mbalimbali.

Ndiyo maana Tanzania ina mfumo wa kutabiri viwavijeshi ulioratibiwa kwa miaka mingi kutoka Tengeru, Arusha, ukitumia mitego inayowavuta nondo dume kwa harufu ya jike. Mapema miaka ya 2000 Kilosa, mkoani Morogoro, wanakijiji wenyewe walianza kufundishwa kuhesabu nondo wa mtegoni, kuangalia kama mvua imenyesha, na kutoa tahadhari ya kijiji chao. Lengo ni kuwafikia viwavi wakiwa wadogo, kwa sababu kundi jeusi likishaanza kutembea, mkulima ameshachelewa, na anayenunua sembe mjini atalipia sehemu yake.

Lipo na la kutia wasiwasi. Utabiri anaoufanya kiwavi wa kipepeo wetu wa kahawia unategemea mazoea ya kale kwamba joto na mvua hufuatana. Angalia miaka miwili tu. Vuli ya 2022 ilisuasua, maji ya Ruvu yakapungua, na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao wa maji. Vuli ya 2023 ilikuja na El Niño, na jiji likapata mafuriko. Joto lilitangulia miaka yote miwili. Sisi tuna Mamlaka ya Hali ya Hewa inayopima bahari na upepo kabla ya kutoa utabiri wa msimu, na hata hivyo hulazimika kuurekebisha. Kiwavi ana kipimo kimoja. Akivaa vazi la mvua na mvua isije, atakuwa na macho makubwa juu ya majani makavu, na mayai yasiyo na pa kutagwa. Mji nao huongeza uzito: mabati, zege na lami hushika joto la mchana na kulitoa usiku, hivyo kiwavi wa mtaa uliobanana hukua kwenye hewa ya joto kuliko mwenzake wa msitu wa Pugu, ingawa mvua wanayoisubiri ni moja.

Jambo hili linaweza kuchunguzwa hapahapa, bila maabara. Walimu wa sayansi wa Kiwalani, Vingunguti, Yombo na kwingineko wanaweza kuwapa wanafunzi kazi ya mwaka mzima: kuweka ndizi iliyochacha kwenye sahani chini ya mti jioni, kuwapiga picha vipepeo wa kahawia wakiwa wamefunga mabawa, kuweka rula pembeni kwa ajili ya kipimo, na kuandika tarehe, joto la siku na kama mvua imenyesha. Shule moja ya karibu na Pugu ikifanya vilevile, kutakuwa na ulinganisho. Baada ya misimu minne watoto hao watakuwa na takwimu za mtaa wao, walizozipima wenyewe. Wazazi nao waache kipande cha nyasi uani bila kukifyeka chote na bila kukipulizia dawa, maana kiwavi anayetufundisha haya anaishi humo.